Nyumba ya Dodoma Iliyojengwa Kishanda

Ijumaa, tarehe 14 Novemba. Mvua ilianza kabla ya alfajiri, si ya kishindo, ni ile ya kunyunyiza bila kuchoka, na hadi saa nne asubuhi ukungu ulikuwa bado umelala juu ya migomba kiasi kwamba sikuliona hata banda la ng'ombe la jirani. Baridi. Nimevaa sweta mbili.

Naandika nikiwa nimekasirika, na mtu aliyekasirika asiaminiwe kila neno. Kwa hiyo nitajitahidi kuandika na yale mazuri ya upande wa kaka yangu. Mimi niliishia darasa la saba. Nyumba ninayoilalamikia ilichorwa na mtu aliyefika chuo kikuu, na aliyeilipia ni kaka, si mimi. Huenda kuna jambo sijalielewa. Lakini mama anakohoa, na hilo nalisikia kwa masikio yangu mwenyewe.

Nianze na kaka. Ni kifungua mimba wetu, anafanya kazi ofisini Dodoma miaka mingi sasa, na huko amejenga. Huku kwetu mtoto wa kiume anayefanya kazi mbali asipojenga nyumbani, watu humsema mpaka msibani. Na si kujenga tu. Watu wanalinganisha. Wakisikia kwako kuna vigae na kwa mama yako kuna saruji, hilo litazunguka kijiji kizima. Kulikuwa na mtu wa huku aliyejenga ghorofa Mwanza na kumwachia mama yake vyumba viwili. Siku ya mazishi ya yule bibi, waombolezaji walikaa wakihesabu madirisha ya nyumba ya marehemu, wakacheka chini chini, na kaka alikuwepo. Toka siku hiyo alisema nyumba ya mama itakuwa sawasawa na yake. Ramani ileile, vipimo vilevile, hata rangi.

"Sitaki mtu aje aseme nimempa mama iliyopungua," aliniambia.

Kosa lilianzia hapo, na lilikuwa kosa la upendo. Ndiyo maana hasira yangu haina pa kutua.

Nyumba ya Dodoma naijua. Nilikwenda wakati mtoto wa mwisho wa kaka anapokea komunyo ya kwanza. Nilishuka kwenye basi saa nane mchana, nikahisi kama mtu amenifungulia mlango wa tanuri usoni. Ardhi nyeupe, miti michache, midomo inapasuka. Nilipoingia kwa kaka nikasimama sebuleni bila kuweka mzigo chini, kwa jinsi kulivyokuwa na ubaridi mzuri. Hakuna feni wala ile mashine ya kupoza ukutani. Nikauliza umetoka wapi ubaridi huu, kaka akanizungusha kwa furaha kama mtoto anayeonyesha madaftari yake.

Kuta ni nene, za tofali za udongo ulioshindiliwa na saruji kidogo, unene wa karibu mkono wangu kutoka kiwiko hadi vidole. Jua linazipiga mchana kutwa, lakini joto linatembea polepole ndani ya udongo, na kabla halijafika ndani jioni imeingia. Usiku wa Dodoma una baridi kavu. Wanafungua madirisha, kuta zinapoa, asubuhi wanafunga, na ule ubaridi wanautumia mchana. Upande wa nje hakuna madirisha, ni matundu madogo tu juu karibu na paa, ya kutolea hewa ya moto. Madirisha yote yanatazama ndani, kwenye ua ulio katikati ya nyumba usio na paa, wenye kivuli na mlimao mmoja. Paa limelala, limefichwa nyuma ya ukuta, limepakwa rangi nyeupe ili lirudishe jua. Bili ya umeme, kaka alisema, ni ya taa na pasi tu.

Nakiri: niliipenda. Nililala huko wiki nzima, sikuwahi kulala vizuri hivyo kwenye nchi ya joto. Aliyebuni nyumba ile alitumia akili, na siondoi neno hata moja katika hilo.

Basi nyumba hiyohiyo ikaja Kishanda, kijijini kwetu Kagera.

Nyumba ya zamani, aliyoijenga tata, yaani marehemu baba yetu, ilibomolewa. Likabaki jiko tu, la miti na udongo, kwa sababu fundi alihitaji mahali pa kuwekea saruji. Migomba iliyokuwa karibu na ukuta ilikatwa. Fundi alikuwa mtu wa Nshamba, hapa jirani, mzee kidogo, mpole, amejenga nusu ya nyumba za upande huu. Alifungua ile ramani juu ya ndoo iliyopinduliwa, akaitazama muda mrefu, kisha akaniita.

"Dada, hizi kuta nje hazina madirisha?"

"Ndivyo ilivyochorwa."

"Na paa halitoki nje ya ukuta? Mvua itaupiga ukuta wote."

"Kaka anasema ndivyo ilivyo."

"Na huu ua katikati. Maji ya mvua yatakwenda wapi?"

"Kuna bomba limechorwa hapo."

Akaliona lile bomba. Akaweka vidole viwili pamoja kuonyesha unene wake, akanitazama. "Waitu, jamani, mvua yetu hii ipite humu?"

Nilisema, "Kaka anajua." Maneno mawili. Nimeyarudia kichwani mwaka huu mara nyingi kuliko sala. Nilijua kama fundi alivyojua. Mtu yeyote aliyewahi kuanika kahawa huku na kuikusanya mbio mara tano kwa siku anajua. Lakini niliona, mimi ni nani? Yule mchoraji amesoma, kaka amelipa, na mimi niliyerudi nyumbani baada ya kufiwa na mume nasitiriwa tu hapa. Nikanyamaza. Kwa hiyo ninapokasirika leo, sehemu kubwa ya hasira hiyo inarudi kwangu.

Nyumba ilikwisha mwezi wa sita, kiangazi. Padre akaibariki, watu wakala, wakapiga picha kwenye ua. Mwanamke mmoja alimwambia mama, "Sasa wewe ni mtu wa Dodoma." Mama alicheka akaficha mdomo kwa kiganja.

Nimeangalia daftari langu la mwezi wa saba ili nisimsingizie mtu. Nimeandika hivi: "Leo jua kali. Ndani kwa mama pazuri, ubaridi wa wastani. Mama amelala mchana." Siku nyingine: "Nyumba haina kasoro, labda fundi na mimi tulikuwa waoga." Niliandika hivyo kwa mkono wangu. Mwezi wa saba na wa nane nyumba ilijitetea vizuri.

Kisha zikaja mvua za Septemba.

Kwanza ulikuwa ua. Maji yalijaa kama karai, yakapanda kizingiti, yakaingia sebuleni. Bomba liliziba kwa majani ya migomba siku ya kwanza tu. Nikawa natoka na fagio kila mvua ikinyesha, na huku kwetu hiyo ni kazi ya kuajiriwa. Baadaye ikawa kuta. Mvua iliyokuja na upepo wa ziwani ilizipiga bila kizuizi, maana paa halina ukingo, na tofali zikanywa. Upande wa ndani rangi ikavimba, ikatoka madoa meusi kama ya ndizi iliyoiva kupita kiasi. Chumvi ikawa maji. Kiberiti kikagoma. Nguo za mama za kanisani zilinuka uvundo nikazitoa kabatini, na nyuma ya kabati ukutani kulikuwa na manyoya ya ukungu, ya kijani na meupe. Yale matundu ya juu, ya kutolea hewa ya moto, yakawa ya kuingizia ukungu wa asubuhi. Niliuona kwa macho yangu ukishuka chumbani kwa mama kama moshi unaorudi.

Jua nalo haliingii, maana madirisha yanatazama uani, na uani kuna kivuli. Ndicho walichotaka kule. Huku kivuli tunacho cha kutosha, Mungu ametupa bure.

Sikutaka kusema kwa kubahatisha. Nilichukua maharage yaliyokauka vizuri, nikaweka bakuli moja chumbani kwa mama na jingine kwenye lile jiko la udongo, juu ya meza. Baada ya wiki mbili ya jikoni yalikuwa yanalia kama kokoto yakitikiswa. Ya chumbani yalikuwa laini, mengine yameanza kutoa ukungu. Nikaandika tarehe zote mbili. Najua si utafiti, ni bakuli mbili tu. Lakini mama alikuwa analala pale bakuli la kwanza lilipokuwa.

Mama alianza kukohoa mwishoni mwa Septemba. Zahanati walimpa dawa, akapata nafuu, akarudi kukohoa. Mara ya tatu mganga aliacha kuandika, akaniuliza, "Bibi huyu analala wapi?" Nikamweleza. Akasema kifua cha mtu wa umri ule hakiwezi kuishi kwenye unyevu, na kwamba akiendelea kulala pale, dawa anazompa hazina maana. Aliyasema mbele ya mama. Tulipokuwa njiani mama aliniambia, "Usimwambie kaka yako."

Hapo ndipo penye jambo lenyewe. Kaka hupiga simu kila Jumapili baada ya misa, na kila Jumapili mama humwambia, "Nyumba nzuri sana, mwanangu. Nalala kama malkia." Kisha anaziba simu kwa kitenge ili akohoe. Kwake yeye mzazi hawezi kupokea zawadi ya mtoto halafu akaitafutia kasoro. Ni aibu kubwa kuliko kikohozi. Na maneno ya mama yana uzito kuliko yangu, kwa hiyo nikisema kinyume mimi ndiye mwongo.

Siku moja nilikwenda Nshamba na ile ramani kwenye mfuko wa nailoni. Pembeni kulikuwa na namba ya simu ya mchoraji. Nikasimama chini ya kibaraza cha duka, nikapiga. Nilimwamkia shikamoo kwa sababu nilijua naongea na msomi. Akacheka.

"Mama, kwa sauti hiyo mimi ndiye wa kukuamkia. Shikamoo."

"Marahaba. Niko Muleba, Kagera. Tuna nyumba yako huku."

"Nyumba yangu? Mimi sina nyumba Kagera."

"Uliyoichora. Ya kuta nene, ua katikati, matundu juu."

"Mama, ile ramani ni ya Dodoma. Hata Morogoro nisingeipeleka. Huko mvua inanyesha miezi mingapi?"

"Labda uniulize isiyonyesha."

"Usiku mnafungua madirisha?"

"Tunafunga, tunajifunika blanketi mbili."

"Basi ukuta wangu huko hauna kazi," alisema. Hakucheka tena. Alinieleza taratibu, bila kunifanya mjinga, kwamba ukuta mnene unahitaji mchana wa moto na usiku wa baridi kavu. Unapokea kimoja na kutoa kingine. Huku hauna cha kupokea isipokuwa baridi na maji, na unaviweka. Alisema angeulizwa angechora nyingine kabisa: paa lenye mteremko mkali na ukingo unaotoka nje hatua nzima, madirisha makubwa yanayotazamana ili upepo upite, ukuta mwembamba, ua usiwepo, na chumba cha mzee kipate jua la asubuhi. Alisema, "Nyumba haianzi na ramani, inaanza na kuuliza mahali pakoje. Mwambie kaka yako anipigie, sitamdai kitu."

Nilikuwa nimejiandaa kumgombeza. Sikupata pa kuanzia. Yule kijana hakumkosea mtu. Alichora nyumba nzuri ya mahali alipoambiwa. Nikaandika yote nyuma ya risiti ya sukari.

Jioni nikampigia kaka. Nikamweleza maji, ukungu, mganga, mchoraji. Akasikiliza mpaka mwisho, hilo nampa.

"Mama amelalamika?" akauliza.

"Mama halalamiki."

"Nani sasa analalamika?"

"Mimi."

"Wewe unalala chumba kile?"

"Silali."

Akavuta pumzi. "Mdogo wangu, kama roho inakuuma kwa sababu sikukujengea wewe, sema tu. Tutaangalia na chako, taratibu."

Siku tatu sikuandika kitu katika daftari. Siku ya nne nilijiuliza kwa haki kama nina wivu. Jibu ni kwamba ninao, kidogo. Siku ile vigae vinawekwa nilisimama mlangoni nikajiuliza mimi nitazikwa nikitokea nyumba gani. Lakini wivu wangu hauotishi ukungu ukutani. Maharage hayana wivu.

Wiki iliyofuata kaka alimtuma mtu wa Bukoba alete hita ya umeme. Nashukuru, alikuwa amesikia jambo fulani. Lakini nyumba ile ilijengwa ili isitumie umeme, ndiyo sifa yake yote, na sasa uniti za mwezi zilikwisha kwa siku tano, na ukuta ulikuwa majimaji vilevile. Tukaizima. Mwishoni mwa Oktoba mimi na mama tulihamishia kitanda chake jikoni, kwenye lile jiko la udongo, karibu na moto. Kikohozi kilipungua kwa wiki moja. Lazima niandike pia kwamba moshi wa jikoni si dawa, na mganga angejua angenigombeza. Nilichagua kibaya kilicho kidogo, sina uhakika nilichagua vizuri.

Kaka alituma ujumbe kwamba anakuja. Jumatatu mama aliniambia nirudishe kitanda chumbani.

"Mama, mganga alisema nini?"

"Mganga si mwanangu. Rudisha kitanda."

Nikakirudisha. Hata sasa nikiandika, hasira inanirudia, kwa kuwa nilikirudisha.

Kaka alifika Jumanne, bodaboda imemchafua tope mpaka magotini. Mama alimpokea amevaa gauni lake la gomesi la njano, amekaa sebuleni wima kama anapigwa picha. Walizungumza vizuri. Kaka alimletea blanketi zito. Alizunguka nyumba akaona madoa, akasema rangi ilikuwa ya bei rahisi, fundi alimwibia, atapaka nyingine. Jumatano akapanda juu ya paa mwenyewe kuzibua mfereji wa paa, akateleza, akashuka na goti limechubuka bila kulalamika. Si mtu mvivu kaka yangu, wala si mbaya. Lakini usiku wa Jumanne, wa Jumatano na wa Alhamisi mama alilala mle ndani kwa ajili ya kumfurahisha, na kila asubuhi uso wake ulikuwa umeshuka zaidi. Alhamisi hakumaliza uji. Leo alfajiri alipokohoa alishika ukuta kwa mikono miwili, na alipotoa mikono, viganja vilikuwa na maji.

Nikaenda uani. Kaka alikuwa amesimama na kikombe cha chai, anatazama mvua ikijaa.

"Mama anakufa humu," nikasema.

"Punguza sauti."

"Sipunguzi. Nilipunguza msingi ulipochimbwa, ndiyo maana tuko hapa."

"Umeanza tena. Mama mwenyewe amesema..."

"Mama ataendelea kusema nzuri mpaka tumbebe. Wewe unapokea maneno, mimi nafua shuka. Umempigia yule mchoraji?"

"Sijapata nafasi."

"Mwezi mzima hujapata nafasi. Ila nafasi ya kuniambia nina wivu uliipata siku hiyohiyo."

Alikasirika, nikaona shingo yake. "Unajua nyumba hii imenigharimu miaka mingapi? Ningejenga mbili za kawaida kwa hii moja. Nilimpa mama ile ninayoishi mimi na watoto wangu. Sikumpunguzia hata tundu moja. Unataka watu waseme nini sasa, kwamba nilimjengea mama yangu nyumba akarudi kulala jikoni?"

"Watu watasema. Walisema na kwa yule wa Mwanza."

"Ndiyo maana nikajenga hivi!"

"Ndiyo maana ukajenga kwa ajili yao."

Sikupaswa kusema hilo, au si kwa namna ile. Halikuwa kweli lote. Alijenga kwa ajili ya mama pia. Kaka aliweka kikombe chini juu ya kizingiti, taratibu sana, kama mtu anayeogopa kukivunja. Nikageuka, mama alikuwa mlangoni, amejifunga lile blanketi jipya. Sijui alisikia kuanzia wapi.

Alimtazama kaka, si mimi. Akasema kwa Kihaya, polepole kwa sababu ya kifua, na naandika kwa Kiswahili kadiri ninavyoweza: "Mwanangu, nyumba ni nzuri. Kuna kitu kimoja nakuomba, kama si usumbufu. Toka nimeingia humu sijaona kibanja, shamba letu. Nikiamka naona ukuta. Nataka dirisha upande wa jua linakotoka, nione migomba na pale alipolala baba yenu. Dirisha kubwa."

Akakohoa. Kaka akamsogelea, akamshika kiwiko.

"Dirisha tu, mama?"

"Dirisha tu. Na mkilitoboa vumbi litakuwa jingi, itabidi nilale jikoni kwa muda."

Nilisimama pale mvua ikininyeshea, nikaelewa kwamba mama alikuwa amelitafuta hilo neno muda mrefu. Hakurudisha zawadi, aliiongezea. Kaka angeweza kutoa dirisha. Asingeweza kukubali kosa. Na mimi, sitaficha, nilizidi kukasirika. Kwa nini mwanamke mzee anayekosa pumzi ndiye abebe kazi ya kutafuta maneno yatakayomfaa mwanawe? Kwa nini bakuli zangu mbili, mganga, na yule kijana wa Dodoma havikutosha? Lakini sikusema. Mara hii kunyamaza nadhani kulikuwa sahihi. Nadhani.

Kaka alimpigia fundi. Mzee alifika saa saba na nyundo na patasi ndani ya mfuko wa mbolea, akanisalimia bila kunitazama sana, labda kwa kuwa sote wawili tulikumbuka ile ndoo iliyopinduliwa. Akapima ukuta wa mashariki wa chumba cha mama, akachora mstari kwa mkaa, akaanza. Tofali la kwanza hakuligonga mara ya pili. Lilikuja lenyewe. Alimpa kaka.

"Shika, bwana."

Kaka akalishika kwa mikono miwili, kisha kwa mmoja, akalibana. Likamomonyoka. Udongo ulikuwa umelowa ndani kabisa, mweusi, kama ule wa bondeni tunakopanda magimbi. Miezi mitano ya nyumba, na katikati ya ukuta hapajawahi kukauka. Akalibana tena mpaka likawa donge, likapita kati ya vidole.

"Kwangu kule," alisema, "ukitoboa ukuta unatoa cheche."

"Kule," fundi alisema, "sawa."

"Uliliona hili toka mwanzo?"

Fundi alisugua patasi kwenye suruali. "Niliuliza." Hakusema alimuuliza nani. Nikasema mimi, "Aliniuliza mimi. Nilimwambia unajua." Kaka alinitazama muda mrefu. Sikuona hasira, niliona uchovu. Akanawa mikono kwenye maji ya uani, akampigia yule mchoraji mbele yetu, akaongea naye akizunguka zunguka, na nilimsikia akisema, "Hapana, kosa si lako." Watakata madirisha matatu, si moja. Ua utaezekwa, na paa zima litainuliwa na kutolewa nje ya kuta. Hiyo ni kazi ya kiangazi. Kuta zenyewe hakuna anayejua zitakauka lini, wala kama zitakauka.

Kisha kaka akaingia chumbani, akakunja godoro, akalifunika turubai, akalitwika kichwani. Nikamwambia asubiri mvua ipungue, au asubiri giza, watu wasione. Akasema, "Waone." Akatoka nalo mlango wa mbele, si wa nyuma, akavuka uwanja kwenda jikoni. Akarudi kubeba mbao za kitanda. Barabarani alipita yule mwanamke aliyemwita mama mtu wa Dodoma, ana jembe begani na jani la mgomba kichwani kwa ajili ya mvua.

"Mnahama tena?" akauliza kwa sauti.

"Namhamisha mama," kaka akajibu. "Nyumba niliyomjengea ina maji."

Yule mwanamke alisimama kidogo, hakujua acheke au atoe pole. Akatoa pole, akaenda. Nina hakika hadi saa hizi habari imefika Nshamba. Kaka alijua itafika.

Nimesoma tena niliyoandika juu. Nimemwonea kaka mahali pawili, lakini sifuti, nimeandika tu kwamba nimemwonea. Hasira haijaisha. Mama bado anakohoa, hili la leo halijamponya, na kesho tunampeleka hospitali Bukoba kupigwa picha ya kifua, kaka amekwisha kutafuta gari. Tundu ukutani tumeliziba kwa turubai.

Jioni tulikula jikoni sote watatu, tumekaa karibu na moto na mlango wazi ili moshi utoke: ndizi na maharage, na senene walizoleta majirani, nimezikaanga kwa chumvi. Kaka alikula nyingi. Mama alikula ndizi tatu, akaacha maharage, akaomba chai ya tangawizi.